MAELEZO KWA WATUMISHI WA SERIKALI NA WANANCHI: SINDANO ZA KISIGINO NA MAUMIVU YA UNYAYO YASIYOKWISHA

Wananchi wote, na hasa watumishi wanaofanya kazi kwa kusimama, kama vile walimu wa skuli, wauguzi, wapishi na walinzi, wanaletewa maelezo haya kuhusu matibabu ya sindano kwa maumivu ya kisigino na unyayo. Madhumuni yake si kuwakataza watu sindano wala kuwahimiza kuzitaka, bali ni kumwezesha kila mmoja kuelewa sindano hiyo inafanya nini, haifanyi nini, na ni mambo gani yampasa kumuuliza daktari kabla hajakubali kuchomwa.

1. Maradhi yenyewe

Chini ya unyayo upo ukano mpana na mgumu, uanzao kwenye mfupa wa kisigino na kufika kwenye mashina ya vidole. Kazi yake ni kushikilia tao la unyayo mtu anaposimama na anapotembea. Ukano huo unapobebeshwa mzigo uliozidi uwezo wake kwa muda mrefu, nyuzi zake huchakaa pale unaposhikana na mfupa.

Dalili yake kubwa ni maumivu makali chini ya kisigino katika hatua za mwanzo za asubuhi, au mtu anapoinuka baada ya kukaa kitako muda mrefu. Maumivu hupungua akishatembea kidogo, kisha hurudi jioni baada ya kazi. Wengine huyahisi pia katika kikao cha sala, vidole vinapokunjwa, kwani hapo ukano huvutwa. Wapatao zaidi ni watu wa umri wa miaka 40 hadi 60, walio wanene, wanaosimama juu ya sakafu ngumu, na wale ambao vigimbi vyao vimekaza. Ndara nyembamba zilizolika huongeza taabu.

Wapo wanaopigwa picha ya eksirei na kuambiwa kuwa wana mwiba wa mfupa kisiginoni. Ieleweke kwamba mwiba huo huonekana pia kwa watu wengi wasio na maumivu yoyote. Kwa hiyo kuwapo kwake peke yake si sababu ya kuchomwa sindano, na hakuna sindano inayouyeyusha.

Jambo la faraja ni kuwa wagonjwa walio wengi hupona ndani ya mwaka mmoja bila ya sindano wala upasuaji. Kwa sababu hiyo sindano hufikiriwa pale tu mgonjwa alipokwisha kufanya mazoezi na kubadilisha viatu kwa miezi kadhaa bila ya kupata nafuu.

2. Sindano ya steroidi

Sindano itumikayo zaidi ni ya dawa za jamii ya steroidi, ambazo huchanganywa na dawa ya ganzi na kutiwa karibu na mahali ukano unaposhikana na mfupa. Nafuu ya saa za mwanzo hutokana na ganzi. Ganzi inapokwisha maumivu huweza kurudi, hata kuzidi kwa siku moja au mbili, kabla ya dawa yenyewe kuanza kazi.

Nafuu hiyo ni ya kweli lakini ni ya muda mfupi. Katika utafiti uliochapishwa nchini Uingereza mwaka 2012, uliofanywa Australia kwa watu 82, waliochomwa steroidi walikuwa na maumivu machache zaidi baada ya wiki 4 kuliko waliochomwa maji ya chumvi. Zilipotimia wiki 8, na tena wiki 12, makundi mawili hayo hayakutofautiana kwa maumivu. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyotolewa na taasisi ya Cochrane mwaka 2017 yalifikia maoni kama hayo: sindano huenda ikapunguza maumivu kidogo kwa muda wa mwezi mmoja hivi, na baada ya hapo faida haionekani.

Kwa ufupi, sindano hiyo humnunulia mgonjwa wiki chache za nafuu. Haiujengi upya ukano uliochakaa.

3. Madhara ya kuzingatiwa

(a) Ukano kukatika. Katika taarifa ya madaktari wa Marekani ya mwaka 1998, kati ya wagonjwa 765 wa kisigino, 51 walikatika ukano, na 44 kati ya hao walikuwa wamechomwa steroidi. Mwenye kukatika huhisi mchaniko wa ghafla, unyayo huvimba na kuvilia damu, na tao huweza kushuka.

(b) Mafuta ya kisigino kupungua. Mafuta hayo ndiyo mto wa mfupa. Yakipungua, mtu huwa kama anayetembea juu ya mfupa mtupu, na taabu hiyo haina dawa nyepesi.

(c) Ngozi kupauka mahali palipochomwa, jambo linaloonekana wazi zaidi kwa watu weusi.

(d) Sukari kupanda. Mwenye kisukari hupandwa na sukari kwa siku kadhaa baada ya sindano. Ni wajibu wake kumweleza daktari mapema, na kupima sukari yake mara kwa mara siku hizo.

(e) Vijidudu kuingia ndani. Hutokea kwa nadra, lakini kwa mwenye kisukari ni hatari kubwa kwa mguu wake.

Kwa ajili ya madhara hayo madaktari hujizuia kurudia sindano mara nyingi kisigino kile kile. Mgonjwa aliyekwisha kuchomwa mahali pengine asilifiche jambo hilo.

4. Sindano nyingine

Ipo njia ya kumtoa mgonjwa damu yake mwenyewe, kuizungusha katika mashine, kisha kumrudishia kisiginoni sehemu yenye wingi wa chembe sahani. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2019 ulionyesha kuwa baada ya mwaka mmoja waliotibiwa hivyo walikuwa na maumivu machache kuliko waliochomwa steroidi. Hata hivyo nafuu yake huchelewa, gharama yake ni kubwa, na namna za kuitayarisha hutofautiana.

Sindano ya kisigino isichanganywe na ile ya kutuliza maumivu inayochomwa makalioni. Hii ni kazi ya daktari aliyefunzwa, mahali safi, kwa sindano mpya. Haichomwi dukani wala nyumbani.

5. Kazi inayobaki kwa mgonjwa

Wiki za nafuu zikipita bure, maumivu huweza kurudi. Aliyechomwa apumzishe mguu na kazi nzito kwa muda atakaoambiwa, kisha aanze mazoezi kwa ruhusa ya daktari:

(a) Kabla ya kuteremka kitandani, avivute vidole vya mguu kuelekea kwenye muundi mpaka ahisi unyayo umekaza, ahesabu 10, aachie. Arudie mara 10, na afanye hivyo mara 3 kwa siku.

(b) Asimame kwenye kidato cha ngazi, vidole vikiwa juu ya taulo lililokunjwa, ainue visigino polepole, atulie kidogo, kisha ashuke polepole. Hufanywa siku moja na kupumzika siku moja. Katika utafiti wa Denmark wa mwaka 2015, waliofanya zoezi hili walikuwa na nafuu kubwa zaidi baada ya miezi 3 kuliko waliojinyoosha tu.

(c) Avae viatu vyenye soli nene, hata ndani ya nyumba.

6. Wasiosubiri

Wafuatao wasifanye mazoezi hayo wala kuomba sindano kabla ya kuonwa na daktari: aliyeanguka kutoka juu, kama vile mchuma karafuu au mkwezi wa minazi, kwani mfupa wa kisigino huenda umevunjika; mwenye homa, uvimbe mwekundu au kidonda; mwenye ganzi ya unyayo; mwenye maumivu yanayomwamsha usiku; na kijana mwenye maumivu ya visigino vyote viwili pamoja na mgongo unaokakamaa asubuhi.

7. Maswali ya kumuuliza daktari

Je, ni hakika kuwa haya ni maradhi ya ukano? Ni dawa gani nitakayochomwa? Nitegemee nafuu ya muda gani? Nipumzike siku ngapi? Nifanye nini ikiwa maumivu yatarudi?

Wakuu wa idara nao wanaombwa kuzingatia kuwa kiti kwa anayesimama kutwa, au ruhusa ya kukaa kwa dakika chache, ni sehemu ya matibabu na haigharimu fedha nyingi. Mtumishi aliyepewa nafasi hiyo mapema huenda asiihitaji sindano kabisa.