Pedigree: Mabaki Yaliyopata Jina

Wenzangu wa hosteli wakikuta mfuko wa Pedigree supamaketi hucheka: jamani, mbwa naye ananunuliwa chakula! Kwetu Mtinko, kaskazini mwa mji wa Singida, mbwa hula ukoko, pumba iliyopikwa na mifupa, halafu usiku analinda mbuzi dhidi ya fisi. Ukifuatilia historia ya mfuko ule, utaona haukuanzia mbali na sufuria yetu.

Miaka ya 1860, Mmarekani James Spratt alikuwa London. Inasimuliwa kwamba aliona mbwa wa bandarini wakigombania biskuti ngumu za mabaharia, naye akaanza kuuza biskuti za mbwa. Baadaye, mjini Manchester, kampuni ya Chappel Brothers ikawa inasindika mabaki ya nyama kwenye makopo na kuyaita Chappie. Mwaka 1934 ikanunuliwa na Forrest Mars, ambaye tangu 1932 alikuwa akitengeneza chokoleti kule Slough. Biashara hiyo ndiyo iliyozaa Pedigree, na Mars wanaimiliki mpaka leo.

Zile punje kavu nazo zina historia yake. Wakati wa Vita vya Pili bati liliadimika Marekani, makopo yakapungua, chakula kikavu kikapata nafasi. Mwaka 1957 Purina wakatoa Dog Chow: unga uliopikwa kwa mvuke na kusukumwa kwenye matundu, ukavimba kama bisi.

Sasa soma nyuma ya mfuko: nafaka, mazao ya nyama, mafuta, madini, vitamini. Nafaka na mifupa Singida tunavyo. Wenzetu waliongeza vipimo, usafi na jina, basi.

Ila mabaki si uozo. Majumbani mwetu mahindi yaliyoota kuvu huambiwa "mpe mbwa". Hapana! Kuvu hiyo huweza kuwa na sumukuvu, inayoharibu ini la mbwa kama inavyoharibu la mtu. Mwishoni mwa 2005 mbwa wengi Marekani walikufa kwa chakula cha kiwandani kilichotengenezwa kwa mahindi ya namna hiyo. Kwa hiyo nyie wa kilimo, mifugo na biashara mnaowaza ajira, pumba ipo na machinjio yapo. Anzeni na kupima mahindi. Jina la mfuko litafuata.