Sanduku lina kufuli tatu, daftari liko moja tu

Ndugu wafanyabiashara wa Mbeya, Iringa na vitongoji vyake, leo tuongee kitu ambacho wengi wetu tunakikumbuka moto ukishapita: kumbukumbu za biashara.

Angalia kikoba chochote, kiwe cha Mwanjelwa au cha Mlandege. Sanduku la hela lina kufuli tatu. Funguo wanakaa nazo watu watatu, na sanduku lenyewe analala nalo mtu wa nne. Hata uwe mwenyekiti, peke yako hulifungui. Safi kabisa. Sasa uliza daftari la mikopo liko wapi. Utaambiwa, "Analo katibu." Na nakala yake? Kimya.

Yaani hela tumeipa walinzi wanne, halafu karatasi inayosema hiyo hela ni ya nani tumeiacha kwenye mkoba wa mtu mmoja. Katibu akipata ajali barabarani, akiugua ghafla, au mkoba ukaibiwa stendi, kikoba kinabaki na sanduku lililojaa ugomvi. Dukani kwako mambo ni hayohayo: daftari moja, simu moja, kichwa kimoja.

Moto unachukua bidhaa na daftari

Mbeya hatuhitaji kuhadithiwa. Desemba 2006 soko la Mwanjelwa liliteketea. Agosti 2017 ikawa zamu ya soko la SIDO, hapohapo Mwanjelwa. Julai 10, 2021 wenzetu wa Kariakoo, Dar es Salaam, nao walilia. Na balaa siyo moto peke yake. Aprili 2024 mvua ilishusha tope kutoka mlima Kawetere likafunika nyumba za watu kata ya Itezi. Aliyekuwa anaweka daftari nyumbani akidhani ndiyo salama, tope halikumuuliza.

Sasa piga hesabu. Tuseme kibandani una mali ya shilingi 3,000,000, na nje umekopesha wateja shilingi 1,200,000. Usiku moto ukipita, mali imekwenda, hilo huna la kufanya. Lakini ile 1,200,000 haijaungua, iko mifukoni mwa watu. Ukiwa na orodha, kesho yake unaanza kuwafuata mmoja mmoja na unapata pa kuanzia. Daftari likiwa limeungua na kibanda, hasara yako ni 4,200,000. Tena wale wanaokudai wewe, aliyekuletea mchele kutoka Mbarali au vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni, wao daftari lao liko salama. Unaowadai wanasahau, wanaokudai hawasahau.

Na kama ulikata bima, kampuni itakuuliza mali ilikuwa ya kiasi gani. Jibu lako ni karatasi. Huna karatasi, utabaki kuapa.

Jiulize maswali mawili kwanza

Mabenki na makampuni makubwa yana mipango mirefu ya kulinda kumbukumbu zao, lakini chini yake kuna maswali mawili ambayo hata muuza nyanya anaweza kujiuliza.

La kwanza: nikipoteza kumbukumbu leo, naweza kuvumilia kupoteza za muda gani? Wakala wa pesa za simu hawezi kuvumilia hata nusu siku, maana miamala yake ni mingi na floti inazunguka. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi anaweza kuvumilia siku moja. Kikoba kinachokutana kila wiki kinatakiwa kipate nakala kila baada ya kikao. Jibu lako ndilo linakuambia unatakiwa kunakili kila baada ya muda gani.

La pili: naweza kukaa siku ngapi bila kufanya kazi? Hapa andika vitu utakavyovihitaji siku ya kwanza kabisa: laini yako, orodha ya unaowadai, namba za wanaokuletea mzigo, nakala ya leseni, namba ya mlipakodi na mkataba wa kibanda. Hivyo ndivyo vya kuvilinda kwanza. Picha za harusi zitasubiri.

Tatu, mbili, moja

Kuna kanuni rahisi iliyotangazwa na mpiga picha Mmarekani anayeitwa Peter Krogh, na leo wataalamu wa kompyuta dunia nzima wanaitumia. Uwe na nakala tatu za kumbukumbu, katika aina mbili za vifaa, na nakala moja ikae mbali. Kwa mazingira yetu inakuwa hivi:

1. Kaunta buku lako la kila siku, linabaki dukani.
2. Jioni kabla ya kufunga, piga picha ukurasa wa leo. Picha iwe inasomeka, usipige gizani.
3. Picha hiyo mtumie mtu unayemwamini aliye mji mwingine.

Hiyo ya tatu ndiyo tunairuka, kumbe ndiyo yenye kazi. Picha iliyobaki kwenye simu yako, simu iko kwenye droo, droo iko kibandani, hiyo hesabu ni nakala moja. Moto ni mmoja tu na utavichukua vyote.

Kwa hiyo wa Mbeya, nakala yako ilale Iringa. Wa Iringa, yako ilale Mbeya. Hapo katikati kuna zaidi ya kilomita 300, na moto wa Mwanjelwa haufiki Ipogolo. Wengi mna ndugu, au mtu mnayebadilishana naye mzigo: huku anatuma mchele, kule anatuma mbao za Mafinga. Kubalianeni: wewe unatunza zangu, mimi natunza zako. Gharama ni bando kidogo.

Wenye kompyuta dukani, tumieni flashi. Ila flashi isikae imechomekwa mwezi mzima. Umeme ukirudi kwa nguvu au virusi vikiingia, vyote vinakufa pamoja. Chomeka, nakili, chomoa, ondoka nayo.

Mtandaoni ni pazuri, lakini usiache karatasi

Akaunti ya Google inakupa nafasi ya GB 15 bure. Namba za wateja zihifadhi kwenye akaunti hiyo badala ya kwenye laini, ili ukipata simu nyingine zirudi zenyewe. WhatsApp nayo ina sehemu ya kuhifadhi nakala ya mazungumzo, ingia kwenye mipangilio uiwashe.

Lakini kumbukeni Mei 12, 2024. Nyaya za intaneti zilizo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika na nchi nzima tukahangaika. Siku kama hiyo, mwenye orodha yake mtandaoni tu anakaa na wateja mlangoni hajui nani kalipa. Mwenye kaunta buku anaendelea na kazi.

Simu ikiibiwa

Hela yako ya mtandao haiko ndani ya simu, iko kwenye mfumo wa kampuni. Kinachohatarisha ni muda unaopita kabla ya laini kufungwa. Azima simu ya jirani, piga huduma kwa wateja, funga laini. Kisha chukua ripoti ya upotevu polisi, nenda kurudisha laini kwa namba yako ya NIDA na alama ya kidole. Siku ya kawaida, piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, nenda kaifungishe.

Namba ya siri usiiandike kwenye kava la simu, na usiisevu kwa jina la "shangazi". Wezi nao wana shangazi.

Halafu kuna mtego. Ukiwa na simu mpya, Google inaweza kukutumia tarakimu za uthibitisho kwenye laini ileile iliyoibiwa. Kama umewasha uthibitisho wa hatua mbili, kwenye akaunti utapata namba kumi za akiba, kila moja inatumika mara moja. Ziandike kwenye karatasi, zikae nyumbani mbali na simu.

Stakabadhi na majina ya watu

Kumbukumbu za kodi zinatakiwa zikae miaka mitano. Sasa risiti za mashine ya EFD zile za karatasi laini zinafifia, zikikaa juani ndiyo kabisa. Toa fotokopi au piga picha mapema. Afisa wa TRA akija na ukamwonyesha karatasi nyeupe, maelezo yatakuwa marefu.

Majina nayo yana heshima yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na ipo Tume inayoisimamia. Jina la mteja, namba yake ya simu, deni lake, hizo ni taarifa zake alizokupa kwa kazi maalumu. Kwa hiyo nakala mtumie mtu mmoja mliyekubaliana, usiitupe kwenye grupu la watu 200. Na huyo unayemtumia, simu yake iwe na loki.

Jaribu kabla hujapatwa

Nakala ambayo hujawahi kuitumia usiihesabu bado. Chagua Jumapili moja. Weka daftari kabatini, zima simu. Azima simu nyingine, mpigie mtu wako wa Iringa, mwambie akutumie picha za wiki hii. Jaribu kuandika upya nani anadaiwa nini. Ukikuta kurasa mbili hazisomeki, au mwenzako alizifuta kwa sababu simu ilijaa, shukuru. Umejua Jumapili ya amani.

Vikoba vina bahati moja ambayo wengi hawaitumii. Vile vitabu vidogo vya wanachama, vyenye mihuri ya hisa, ni nakala tayari, na vimetawanyika nyumba 20 au 30. Utaratibu huu wa vikundi, ambao shirika la CARE liliuanzisha Niger mwaka 1991, una mbinu nyingine ya bure: mwisho wa kikao wanachama wanakariri salio, na kikao kijacho kinaanza kwa kulitaja kabla sanduku halijafunguliwa. Fanyeni zaidi kidogo. Mara moja kwa mwezi jumlisheni vitabu vyote, mlinganishe na daftari la katibu. Zikitofautiana, mnasahihisha watu wote wakiwa hai na wanakumbuka.

Na katibu asijisikie vibaya, wala asione anashukiwa. Nakala inamlinda yeye kwanza. Daftari likipotea, wa kwanza kunyooshewa kidole ni nani?

Kazi ya wiki hii

- Leo jioni: piga picha kurasa za madeni yote, siyo ya leo tu.
- Kesho: chagua mtu wako wa mji mwingine, mkubaliane.
- Keshokutwa: hamishia namba za wateja kwenye akaunti.
- Kabla ya Ijumaa: picha ya leseni, mkataba na risiti zinazofifia.
- Jumapili: fanya jaribio.

Hakuna hata moja kati ya hizo inayohitaji mkopo. Mwenye kikoba, msomee na katibu wako, halafu mwulize lile swali: daftari likipotea usiku huu, kesho tunaanzia wapi?