Mkonga usipopona, Karume hamfiki

SHABIKI wa Mugumu anayekwenda Uwanja wa Karume, Musoma, mechi yake ya kwanza ni barabara. Waliowafuata Biashara United, 'Wanajeshi wa Mpakani', tangu wapande Ligi Kuu 2018 hadi wakashuka 2022, wanaujua udongo mweusi wa Serengeti masika.

Hapo ndipo Land Cruiser mkonga inapokuwa mchezaji wa 12, ila iwe imeshughulikiwa nyumbani Ijumaa.

Adui mkubwa ni maji. Difu yenye moto ikizama ghafla kwenye mto, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia tundu la kupumulia. Dawa yake bei chee: chomeka mpira mwembamba kwenye tundu hilo, uupandishe juu kabisa, ufunge. Ukitoka mtoni, legeza nati ya chini ya difu. Oili ikitoka rangi ya chai ya maziwa, imwage yote, weka mpya, kabla beringi hazijaliwa.

Kunyanyua gari kwa springi ndefu? Mbwembwe tupu. Propela shafti inakaa mshazari, krosi zinakufa mapema, na mtasikiliza matokeo redioni.

Mkishika lami, toeni gia ya magurudumu manne.