SKOLASHIPU YA UNYAMWEZINI HAINA DALALI!

Msomaji wangu, wiki hii tuweke pembeni habari za nani kamwacha nani. Kuna jambo linawatoa vijana wa mjini pesa mfukoni, tena kimya kimya: ile ndoto ya kwenda kusoma Marekani kwa mgongo wa michezo.

Jumamosi iliyopita nilikuwa JMK Park, pale Kidongo Chekundu, nikiwaangalia watoto wa mjini wakirusha kikapu. Dogo mmoja wa Gerezani, mrefu kama mnazi, akanifuata na karatasi mkononi. "Braza, wewe si mtu wa magazeti? Hebu nisomee hii." Nikaisoma. Jamaa anayejiita wakala anataka laki tano za "kufungua faili", na dogo akishapata chuo, jamaa achukue asilimia 10 ya skolashipu kila mwaka mpaka amalize. Mama wa dogo anauza vitenge Mtaa wa Kongo. Alikuwa keshatenga nusu ya hizo pesa.

Nikamwambia, usisaini kitu.

Sisi wa Kariakoo tumezaliwa na madalali. Unatafuta fremu Mtaa wa Aggrey, dalali huyo. Unatafuta chumba Ilala, dalali huyo, na kodi ya mwezi mmoja ni yake kabla hujaingiza hata godoro. Kwa hiyo mtu akikuambia "nitakutafutia chuo, nipe changu nikifanikiwa", sikio la mtoto wa mjini linaona ni haki kabisa. Kapata kazi, alipwe.

Tatizo ni kwamba kule hiyo ndiyo sumu yenyewe. Michezo ya vyuo vikuu vya Marekani iko chini ya vyama kadhaa, na kikubwa kuliko vyote kinaitwa NCAA. Kanuni zake zinaruhusu umlipe mtu ada iliyopangwa, inayojulikana tangu mwanzo, ili asambaze taarifa zako kwa makocha. Zinachokataa ni malipo yanayotegemea wewe kupata nafasi au kupata skolashipu. Ukisaini ile asilimia 10, yule jamaa anahesabiwa kama wakala wako, na wewe unaweza kupoteza haki ya kucheza kabla hujakanyaga uwanja. Yaani umemlipa mtu akufungie mlango. Na akikosana na wewe huko mbele, karatasi yenye saini yako anayo yeye.

Isije ikaonekana nasema njia yenyewe ni ya uongo. Njia ipo, na Wabongo wameipita zamani sana. Suleiman Nyambui, mtoto wa Mara, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas kule El Paso, chini ya kocha Ted Banks, aliposhika nafasi ya pili mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Mwaka huohuo akashinda mbio za nyika za vyuo vyote vya Marekani. Gidamis Shahanga, bingwa wa marathoni wa Jumuiya ya Madola mwaka 1978, naye alipita chuo hichohicho. Zakaria Barie akafuata, akachukua ubingwa wa nyika wa vyuo mwaka 1983. Kwenye kikapu tunaye Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam. Alimalizia sekondari Houston, akachezea Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili kwenda NBA na timu ya Memphis.

Lakini angalia jambo moja hapo. Nyambui alizaliwa mwaka 1953. Alipowakimbiza wale vijana kwenye nyika mwaka 1980 alikuwa na miaka 27, wenzake wengi wana 20 au 21. Makocha wa Kimarekani waliokosa vikombe walilalamika kuhusu wageni "watu wazima", na malalamiko hayo hayakuanza na El Paso. Chuo Kikuu cha Howard cha Washington kilinyang'anywa ubingwa wa soka wa mwaka 1971, timu ikiwa imejaa wageni, na kesi ikaenda mpaka mahakamani. Mwaka 1975 mahakama ya rufaa ikaamua kuwa kanuni iliyowabana wageni peke yao haifai. Basi NCAA ikatafuta kanuni za umri na za muda zinazombana kila mtu. Kwenye karatasi ni sawa kwa wote. Kwa mtoto wa Tandale au Mbulu ambaye alikaa nyumbani miaka mitatu akitafuta ada, mimi naona si sawa hata kidogo, lakini ndiyo hivyo.

Katika Divisheni ya Kwanza kanuni imekuwa hivi kwa miaka mingi: ukimaliza sekondari, kwa michezo mingi unapewa mwaka mmoja wa kupumua. Ukipita mwaka huo hujajiunga na chuo, na huku unaendelea kushindana kwenye ligi au mashindano yaliyopangwa, kila mwaka unakula msimu mmoja katika minne yako. Sasa fikiria kijana wetu kamaliza Kidato cha Nne, akaingia timu ya mtaa, akacheza ligi ya mkoa miaka minne akisubiri bahati. Bahati inakuja, misimu imekwisha. Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza kocha yeyote wa kule ni hili: saa yangu imeanza kuhesabiwa lini, Kidato cha Nne au cha Sita? Ajibu kwa maandishi. Kanuni hizi zinafanyiwa marekebisho mara kwa mara, hivyo jibu la binamu yako aliyeondoka mwaka 2015 halikusaidii.

Na hapa niseme lile ambalo wengi hatupendi kulisema. Ule mchezo wetu wa "umri wa mpira", wa kukata miaka mitatu ili uonekane chipukizi, kule unakumaliza. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kinasema hivi, pasi ya kusafiria inasema vile, karatasi za shule zinasema lingine. Wale wanaweka nyaraka zote mezani pamoja. Wakala anayejitolea "kukurekebishia" umri anakuundia kesi ya udanganyifu, na kesi hiyo ina jina lako, yeye hayumo.

Shule je? Wengi wanadhani ukiwa na mbio au urefu, masomo watakusamehe. Wapi! Divisheni ya Kwanza inataka kozi za msingi 16 katika miaka ya sekondari: Kiingereza, hisabati, sayansi, sayansi ya jamii na kadhalika, na wastani usiopungua 2.3 kwa hesabu yao ya mpaka 4. Kichekesho ni kwamba somo la michezo lenyewe halimo kwenye hizo 16. Mtihani wa SAT, uliowatesa wengi, NCAA iliufuta kwenye masharti yake Januari 2023, ingawa chuo chenyewe kinaweza kukudai mtihani wa Kiingereza. Vyeti vya NECTA viwe vyenyewe, siyo kopi ya kopi iliyopigwa stationery ya Mnazi Mmoja. Aliyepata sifuri Kidato cha Nne anaweza kuruka kama swala, mlango huo bado ni mgumu. Vipo vyuo vya miaka miwili, vyenye chama chao kiitwacho NJCAA, ambavyo vijana wengi wa Afrika Mashariki wameanzia huko kisha wakahamia vyuo vikubwa. Wakala haviongelei sana, maana havina jina la kutambia.

Tuje kwenye mshiko. Neno skolashipu likitajwa mtaani watu wanaona kila kitu bure. Kwenye riadha ya wanaume, kwa miaka mingi chuo cha Divisheni ya Kwanza kilikuwa na skolashipu 12.6 tu kwa timu nzima, na kocha anazikatakata kama mkate: huyu nusu, huyu robo. Mwaka 2025, baada ya kesi kubwa iliyoitwa House, vyuo vilivyokubali mpango mpya viliacha kuhesabu skolashipu vikaanza kuhesabu wachezaji, 45 kwenye riadha na 15 kwenye kikapu cha wanaume. Lakini chuo kuruhusiwa kukupa siyo kwamba kina pesa ya kukupa. Ukipewa asilimia 40, ile 60 ni dola elfu nyingi kila mwaka, na kabla hujapewa karatasi ya kuombea viza lazima uonyeshe zitatoka wapi. Vitenge vya mama havifiki huko. Vilevile kuna vyuo vya Divisheni ya Tatu, na vile maarufu vya Ivy League, ambavyo havitoi skolashipu ya michezo kabisa. Msaada wao unatokana na hali ya familia au masomo.

Halafu lipo hili, ambalo kwenye ile fomu ya dogo halikutajwa hata kwa herufi moja. Desemba 2025 Rais Donald Trump alisaini tamko lililoiingiza Tanzania kwenye orodha ya nchi zenye vikwazo vya viza, zikiwemo za wanafunzi, kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Vikwazo vya namna hii huwekwa na hulegezwa. Kwa hiyo kabla ya kutoa hata shilingi, pata habari ya siku hiyo kutoka ubalozi wao, pale Old Bagamoyo Road, Msasani. Mtu anayekuuzia safari bila kugusa jambo hilo, ama halijui ama analijua sana.

Kumbe kumwandikia kocha ni bure. Majina na anwani za makocha zimewekwa wazi na vyuo vyenyewe. Kanuni zinamzuia kocha kuanza kukutafuta mapema. Kwa michezo mingi ni mpaka tarehe 15 Juni baada ya kumaliza darasa la 10 la kwao. Wewe hazikuzuii kumwandikia siku yoyote. Ukiandika ukiwa mdogo ukaona kimya, usikate tamaa, huenda kafungwa mdomo na kanuni.

Andika mwenyewe, kwa Kiingereza chako hichohicho. Mwanariadha ataje muda wake, siku na uwanja. Ule wa saa ya mkononi kwenye vumbi la UMISSETA usema hivyo, usiupambe. Mcheza kikapu apeleke video ya mechi nzima, siyo dakika mbili za kudanki tu, maana kocha anataka kuona unarudije kulinda ukishapoteza mpira. Weka mwaka wa kuzaliwa ule wa kweli, mwaka uliomaliza shule, na matokeo yako. Tuma kwa makocha 50. Wakijibu wawili, hao wawili waulize maswali mawili: ni asilimia ngapi, na nani analipa inayobaki.

Dogo wa Gerezani alianza kuandika palepale kwenye benchi, kwa simu ya mwenzake. Neno "Coach" alilifuta mara tatu akiuliza linaanza na K au C.