Kupanga Herufi kwa Hatua Chache

Wavulana watano walikwenda mtoni kuoga. Walivua kanzu zao, wakazilundika juu ya jiwe, wakaingia majini. Mara ngurumo ikasikika na mvua ikaanza kunyesha. Wakatoka mbio, kila mmoja akanyakua kanzu iliyokuwa karibu na mkono wake, akaivaa. Walipofika chini ya mwembe wakatazamana, wakacheka sana. Mrefu alikuwa amevaa kanzu ya Mnene. Mnene amejibana katika kanzu ya Mdogo. Na Mdogo amevaa kanzu ya Mrefu, nayo yaburura matopeni. Wawili waliobaki walikuwa ndugu, na kila mmoja alivaa ya mwenziwe.

Tufanye kwamba kanzu hubadilishwa na watu wawili wawili tu. Je, itapasa wabadilishane mara ngapi hata kila mtu apate yake? Kwa wale ndugu, mara moja yatosha. Kwa wale watatu, kwanza Mrefu abadilishane na Mdogo: Mrefu apata kanzu yake, na Mdogo sasa anayo ya Mnene. Kisha Mdogo abadilishane na Mnene, na wote wawili wamekwisha kupata zao. Hizo ni mara mbili, na ile ya ndugu ni ya tatu. Watu watano, mara tatu.

Walakini kama Mrefu angaliharakisha kubadilishana na mmoja wa wale ndugu, hakuna hata mmoja angalipata kanzu yake. Tena jambo lingalikuwa baya kuliko mwanzo, kwa maana wote watano wangalifungamana katika mzunguko mmoja: huyu anayo ya yule, yule anayo ya mwingine, mpaka kumrudia wa kwanza. Mzunguko wa watu watano wataka mara nne. Ukiongeza ile moja iliyopotea bure, ni mara tano badala ya tatu.

Habari hii ya kanzu ndiyo siri ya mchezo mmoja wa maneno unaochezwa na watu wengi kila siku katika simu zao.

Michezo ya namna hii si mipya. Charles Dodgson, mwalimu wa hesabu huko Oxford katika Uingereza, ambaye vitabu vyake vya hadithi huitwa kwa jina la Lewis Carroll, alitunga fumbo la kugeuza neno kuwa neno jingine kwa kubadili herufi moja moja. Mwaka 1879 gazeti la Vanity Fair la London lilianza kulichapa. Kwa Kiswahili mfano wake ni kama kumgeuza BATA awe PAKA: BATA, PATA, PAKA. Aliyefika kwa maneno machache ndiye aliyesifiwa. Mwaka 2021 Josh Wardle aliwatolea watu wote mchezo wa Wordle, wa kubahatisha neno moja la herufi tano kila siku, na kuonyeshwa kwa rangi kama herufi imekaa kwake au sivyo. Mwaka uliofuata ukatokea Waffle, nao ndio unaohusika hapa.

Waffle ni jina la mkate wa Kizungu uokwao kati ya vyuma viwili vyenye miraba, hata ukawa na mashimo mashimo. Ubao wa mchezo umefanana nao. Una maneno sita ya herufi tano tano, matatu yamelala na matatu yamesimama, yakipitana kama fito za ukuta wa udongo. Kati yake mna mashimo manne yasiyo na herufi. Herufi zote ni 21. Zote zimo ubaoni tangu mwanzo, hakuna ya kuongeza wala ya kupunguza, ila zimevurugwa. Mchezaji hushika herufi mbili na kuzibadilisha mahali. Hiyo ni hatua moja. Herufi iliyokaa kwake huwa kijani. Iliyomo katika neno lake lakini si mahali pake huwa manjano. Isiyo ya neno lile kabisa huwa haina rangi. Mchezaji hupewa hatua 15, na fumbo la kila siku laweza kumalizika kwa hatua 10. Zikiisha 15 kabla ya maneno kukamilika, ameshindwa, na fumbo jipya ni la kesho.

Mchezo huo ni wa maneno ya Kiingereza, lakini Kiswahili chaufaa sana. Tunayo maneno mengi ya herufi tano yaanzayo kwa vokali, kama asali na akili, ambayo herufi yake ya kwanza, ya tatu na ya tano ni vokali. Maneno hayo yakipitana, hupitana penye vokali daima, nazo vokali zetu ni tano tu. Basi mtunzi hapati taabu nyingi.

Msichana mmoja alimtengenezea mdogo wake fumbo la namna hiyo kwa vipande vya karatasi ngumu, akalipanga juu ya mkeka hivi:

A K A J I
N . M . D
I R A M A
D . L . R
A S I L I

Nukta ni yale mashimo. Kwa kuwa hakuwa na rangi, aliweka punje ya hindi juu ya kila herufi iliyokaa kwake. Punje zilikuwa 12. Herufi tisa hazikuwa na punje, nazo ni K na J za mstari wa juu, N ya mstari wa pili, R na M za mstari wa tatu, D, L na R za mstari wa nne, na S ya mstari wa chini. Akamwambia, “Nakupa hatua sita. Kila herufi ikifika kwake nitaiwekea punje.”

“Dada, sita ni nyingi!” akasema mtoto. “Mbona mstari wa chini umekwisha kuwa ASILI? Na huu wa katikati uliosimama ni AMALI.”

Dada yake hakujibu.

Mtoto akaanza. Aliona ya kuwa neno la kwanza lililosimama ni AJIRA, akatwaa R ya mstari wa tatu, akaiweka penye D ya neno hilo. Hatua ya kwanza. Akaishusha J ya juu mahali pa N. Hatua ya pili, na AJIRA imekamilika. Mstari wa tatu ulikuwa sasa I D A M A. Akabadilisha D na M. Hatua ya tatu. Akaona IMARA yataka R, akaitwaa iliyo mstari wa nne upande wa kulia, na D ikaenda huko ikakamilisha IDADI. Hatua ya nne. Hapo alipiga makofi.

Mstari wa juu ulikuwa umekuwa A K A N I, ambalo si neno. Akafikiri panatakiwa L. L zilikuwa mbili: moja ndani ya AMALI, ambayo haikuwa na punje, na moja katika mstari wa chini, yenye punje yake juu. Kwa kuwa aliipenda AMALI, aliitwaa ile yenye punje. Hatua ya tano. Mstari wa chini ukaharibika, ukawa A S I N I, naye akashtuka. Akaiondoa ile N, akaibadilisha na L ya AMALI. Hatua ya sita. Mstari wa juu ukawa AKALI, wa katikati AMANI, wa chini ASILI. Yote ni maneno ya kweli, walakini K na S hazikuwa na punje, na hatua zilikuwa zimekwisha.

“Lakini akali ni neno, dada! Watu husema akali ya watu.”

“Ni neno, mdogo wangu, wala si neno la hapa. Nani alikuambia? Punje haikukuambia.”

Kisha akazirudisha herufi kama zilivyokuwa mwanzo. Hakugusa hata moja. Alitwaa kipande cha karatasi, akaandika kwanza maneno sita yote: ASALI, IMARA na AKILI kwa kulala, AJIRA, AMANI na IDADI kwa kusimama. Alijua kwamba ASILI siyo kwa sababu S haikuwa na punje; na AMALI siyo kwa sababu L yake haikuwa nayo. Hapa ndipo wachezaji wengi huanguka. Neno likionekana zuri machoni, mtu hulishika, akaanza kusukuma mengine yalifuate, hali alama imekwisha kumwambia kwamba si lenyewe.

Baada ya kuandika maneno, aliuliza swali lile lile la kanzu: nani amevaa ya nani? K imekaa mahali pa S, na S imekaa mahali pa K. Hao ni ndugu wawili, hatua moja. J ya mstari wa juu imekaa mahali pa L. L imekaa mahali pa N, katika AMANI. N imekaa mahali pa J, katika AJIRA. Hao ni Mrefu, Mnene na Mdogo, hatua mbili.

Zikabaki R mbili, M na D, na hapo ndipo penye ugumu wenyewe. Kanzu ina mwenyewe mmoja, lakini R mbili hazina tofauti. Yoyote yaweza kukaa katika IMARA, na yoyote yaweza kukaa katika AJIRA. Mchezaji ndiye achaguaye. Mtoto alichagua R ya mstari wa tatu iende AJIRA, kwa kuwa ndiyo aliyoiona kwanza, na R, M na D zikamchukulia hatua tatu. Dada yake alitazama kwanza kila R imekaa mahali pa nani. R ya mstari wa tatu imekaa mahali pa M, na M imekaa mahali pa R, katika neno lile lile la IMARA. Basi zibadilishane, na zote mbili zimefika. R ya mstari wa nne imekaa mahali pa D, na D imekaa mahali pa R, katika mstari ule ule. Nazo zibadilishane. Hatua mbili badala ya tatu, wala hakuna kilichozidi ila kutazama.

Akabadilisha herufi sasa, upesi, maana hapakuwa na la kufikiri tena. K na S. R na M. D na R. J na N, kisha N na L. Hatua tano. Akaweka punje ya mwisho.

“Ulijuaje kwamba ni tano kabla ya kuanza?” akauliza mtoto.

“Herufi zilizopotea zilikuwa tisa. Mizunguko ni minne: mitatu ya herufi mbili mbili, na mmoja wa herufi tatu. Tisa toa nne.”

Sababu ya kutoa ni hii. Katika kila mzunguko, hatua yaweza kuirudisha herufi moja kwake, ila ya mwisho hurudisha mbili pamoja, kwa sababu zikibaki mbili tu, kila moja imekaa mahali pa mwenziwe. Basi kila mzunguko humpunguzia mchezaji hatua moja, na mwenye mizunguko mingi midogo humaliza mapema kuliko mwenye michache mikubwa. Ndiyo maana ni hasara kubadilisha herufi ya mzunguko huu na ya mzunguko ule. Mizunguko miwili huungana kuwa mmoja, kama Mrefu alipotaka kubadilishana na ndugu asiyehusika. Hasara nyingine ni kuigusa herufi iliyokwisha kufika, kama mtoto alivyoigusa ile L, kwa maana ameipoteza isiyopotea.

Hesabu hiyo humfaa sana mchezaji wa Waffle yenyewe, kwa kuwa huko ajua tangu asubuhi kwamba fumbo lina njia ya hatua 10. Aandike maneno sita kando, kisha ahesabu herufi zisizo na rangi ya kijani. Zikiwa 16, lazima mizunguko iwe sita, kwa maana 16 toa 6 ni 10. Akiichora mizunguko yake akaona mitano tu, asianze bado. Mahali fulani amezigawa vibaya herufi zinazofanana, aghalabu vokali, kwa kuwa ndizo zilizo nyingi; azitazame tena moja moja, aulize kila A imekaa mahali pa nani, mpaka mzunguko wa sita uonekane.