Barua Zifike kwa Wenyewe: Namna ya Kuandaa Orodha ya Anwani kwa Ajili ya Posta

Shule inayowaita wazazi mkutanoni, chama cha ushirika kinachotangaza mkutano mkuu, SACCOS inayowakumbusha wanachama marejesho ya mikopo, kanisa linalowaalika waumini wake walioko nje ya wilaya na ofisi ya kijiji inayotoa ilani ya upimaji wa viwanja, zote hufanya kazi ya aina moja: hutuma barua zinazofanana kwa watu wengi kwa wakati mmoja. Posta huzipokea barua hizo kwa jumla, huzihesabu, huzipima uzito na kuzipanga kwa mafungu kulingana na mahali ziendako. Kinachoamua kama zitafika ni orodha ya majina na anwani, ambayo huandaliwa kabla hata bahasha ya kwanza haijafungwa.

Orodha mbovu ina gharama, na gharama hiyo mara nyingi humwangukia asiyeiandika. Mkazi aliyepewa muda wa kuwasilisha pingamizi kuhusu mpaka wa kiwanja chake hawezi kuutumia muda huo iwapo ilani imelala katika sanduku la posta la shule aliyokuwa akifundisha miaka mitano iliyopita. Mwanachama asiyepata taarifa ya mkutano mkuu hukuta maamuzi yamekwisha kupitishwa. Kwa kumbukumbu za ofisi, wote wawili walitumiwa barua.

Sanduku ni la nani?

Kwa desturi ya posta hapa nchini, barua nyingi za kawaida hazipelekwi mlangoni mwa mpokeaji. Hukaa katika sanduku la posta hadi mwenye sanduku atakapokwenda kuzichukua. Vijijini sanduku moja huhudumia watu wengi: la shule ya msingi hutumiwa na walimu pamoja na wazazi, la parokia hutumiwa na waumini wa vigango kadhaa, na la duka hutumiwa na ukoo mzima. Kwa sababu hiyo, kuandika “S.L.P.” na namba peke yake hakutoshi. Orodha ionyeshe pia sanduku hilo ni la nani na barua ipitie kwa nani, kwa mfano kupitia kwa Mwalimu Mkuu au kupitia kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji. Anayefungua sanduku huona jina la mpokeaji asiyemfahamu; maneno hayo machache ndiyo yanayomwambia aipeleke wapi.

Jambo la pili ni kuuliza kama sanduku bado lipo mikononi mwa yule yule. Sanduku hulipiwa ada kila mwaka, na lisipolipiwa linaweza kufungwa na hatimaye kukodishwa kwa mtu mwingine. Namba iliyonakiliwa kutoka kwenye daftari la zamani inaweza kuwa sahihi kwa tarakimu zote na bado ikaipeleka barua kwa mgeni kabisa. Shirika la Posta Tanzania lina pia huduma ya Posta Kiganjani, ambayo humwezesha mtu kutumia namba yake ya simu kama anwani na kupata ujumbe barua yake inapowasili. Mwenye huduma hiyo anapaswa kuutaarifu uongozi wa chama au kijiji chake, kwa kuwa katibu hawezi kuijua kwa kukisia.

Anwani ya makazi na postikodi

Tarehe 8 Februari 2022, jijini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Operesheni ya Anwani za Makazi, ambayo ilitangulia Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti mwaka huo. Barabara zilipewa majina na majengo yakapewa namba. Kwa mtu anayeandaa orodha ya barua, kazi ile iliacha kitu cha thamani: nyumba sasa inaweza kutajwa kwa namba yake, jina la barabara au kitongoji, jina la kata na postikodi, badala ya maelezo ya “karibu na mbuyu, ukivuka korongo”.

Postikodi ina tarakimu tano. Ya kwanza huonyesha kanda, mbili za kwanza mkoa, tatu za kwanza wilaya, na zote tano kwa pamoja huitambulisha kata. Mwandishi wa orodha asiibuni wala asimpe kila mtu postikodi ya makao makuu ya wilaya kwa kuwa ndiyo anayoikumbuka. Iulizwe katika ofisi ya kata au itazamwe katika mfumo wa anwani za makazi ujulikanao kama NaPA.

Umuhimu wa tarakimu hizo huonekana wazi mtu anapoyatazama majina ya mahali. Mlali ni kata ya Kongwa, lakini ipo Mlali nyingine katika Wilaya ya Mvomero, mkoa jirani wa Morogoro. Songambele ya Kongwa ina wenzake wa jina hilo hilo Urambo na Kyerwa. Majina ya namna hiyo yalienea sana nyakati za vijiji vya ujamaa, na hakuna aliyefikiria wakati huo kwamba siku moja mpanga barua atachanganyikiwa. Bahasha iliyoandikwa “Songambele” bila wilaya wala postikodi humwachia kazi ya kubahatisha.

Majina yanayofanana na majina yanayobadilika

Yapo matatizo ambayo ni ya hapa kwetu hasa. Wazungumzaji wa Kigogo mara nyingi hutamka l mahali ambapo maandishi ya Kiswahili yana r, hivyo Chamkoroma huandikwa na wengine Chamkoloma, na Sagara ikawa Sagala. Ng’humbi huandikwa pia Nghumbi. Msomaji wa kibinadamu huelewa kwamba ni kata moja, lakini kompyuta huzihesabu kuwa mbili, na orodha inapopangwa kwa kata barua za watu wa kijiji kimoja hutawanyika katika mafungu tofauti. Dawa yake ni kuchagua tahajia moja, ile inayotumiwa katika nyaraka rasmi, na kuifuata tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho.

Kwa majina ya watu, jina moja halitoshi kamwe. Katika kijiji chochote cha Ugogo akina Mazengo ni wengi, na kumwandikia “Mazengo, Mtanana” ni sawa na kutomwandikia mtu yeyote. Yaandikwe majina matatu, kwa mpangilio ule ule kwa kila mtu. Mwanamke ajulikanaye kitongojini kwa jina la mwanawe aandikwe kwa jina lake mwenyewe, na lile la mazoea liwekwe pembeni ili limsaidie mjumbe. Waliofariki waondolewe. Familia iliyomzika baba yao mwezi uliopita kisha ikapokea barua inayomdai marehemu ahudhurie mkutano huumia bila sababu, ilhali mwenyekiti wa kitongoji angeulizwa angelisema mapema. Barua inayohusu mali au hisa za marehemu iandikwe kwa msimamizi wa mirathi.

Kuipanga orodha yenyewe

Orodha inaweza kuandikwa kwa mkono katika karatasi yenye mistari, au kwa jedwali la kompyuta. Vyovyote iwavyo, kila taarifa ikae katika safu yake: namba ya mfululizo, jina kamili, sanduku la posta, anayepitishiwa, namba ya nyumba na barabara au kitongoji, kijiji, kata, postikodi, wilaya. Wengi hujaza anwani yote katika safu moja. Inaonekana nadhifu, lakini siku ya kupanga barua kwa kata hakuna njia ya kuzitenganisha isipokuwa kuanza upya.

Wanaotumia kompyuta waangalie safu ya namba za simu. Programu ya majedwali huichukulia 0 ya mwanzo kuwa haina maana na kuifuta, hivyo namba ya tarakimu kumi ikabaki na tisa. Safu hiyo ipangwe kuwa ya maandishi kabla ya kuanza kujaza. Baada ya hapo orodha ipangwe kwa alfabeti ili majina yaliyorudiwa yakae pamoja na yaonekane, kisha ichapishwe na kusomwa kwa sauti mbele ya mtu anayewajua wahusika. Hatua hii ya mwisho hurukwa mara nyingi, nayo hugundua makosa mengi kuliko kompyuta.

Namba ya simu iwekwe tu pale inapohitajika. Namba ya NIDA haihitajiki kabisa kwa kutuma barua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zitumike kwa kusudi lililotajwa wakati zinakusanywa. Orodha ya wanachama haipaswi kubandikwa ukutani ikiwa na namba zao za simu, wala kurushwa katika kundi la WhatsApp, wala kupewa mfanyabiashara anayetafuta wateja. Mwananchi naye ana haki ya kuuliza anwani yake inachukuliwa kwa ajili ya nini, na kuomba irekebishwe ikiwa ina kosa.

Siku ya kupeleka posta

Kabla ya bahasha kununuliwa, mhusika aende kwanza kaunta na barua moja ya mfano. Hapo atajua uzito wake, gharama kwa idadi anayokusudia na utaratibu wa kulipia kwa jumla badala ya kubandika stempu moja moja. Karatasi moja zaidi ndani ya bahasha inaweza kuivusha barua katika daraja jingine la bei, na kwa barua mia tatu tofauti hiyo si ndogo.

Barua zifungwe kwa mafungu, za kata moja au ofisi moja ya posta pamoja, zote zikielekea upande mmoja, na juu ya kila fungu kiwekwe kikaratasi chenye idadi. Orodha ipelekwe kwa nakala mbili, na moja irudi na muhuri wenye tarehe. Hiyo ndiyo kumbukumbu ya ofisi endapo mtu atasema hakuandikiwa. Ilani yenye muda wa kisheria ni vema itumwe kwa rejista, ambapo mpokeaji husaini, hata kama gharama yake ni kubwa zaidi.

Nyuma ya kila bahasha iandikwe anwani ya mtumaji pamoja na kumbukumbu namba ya barua. Zipo zitakazorudi. Zisitupwe kapuni: kila moja ilinganishwe na mstari wake katika orodha, iandikwe tarehe iliyorudi na sababu iliyoonyeshwa na posta, kisha mjumbe wa kitongoji atumwe kumtafuta mhusika kabla muda uliotajwa katika barua haujaisha.