Kwa Miguu Hadi Makao ya Nzohe

Watu wengi wa Kitale na Bungoma hudhani ya kwamba kwenda kutazama wanyama wa mwitu ni jambo la wageni watokao ng'ambo, wenye motokaa kubwa na kofia pana, na ya kwamba mwenyeji asiye na gari hana la kutafuta huko. Kwa mbuga nyingi za Kenya dhana hiyo ina sababu yake, kwa kuwa humo mtu haruhusiwi kushuka garini ila mahali palipowekwa. Walakini ipo hifadhi moja ambayo desturi yake ni kinyume kabisa. Humo gari haliingii, na kila aingiaye, awe tajiri au maskini, huenda kwa miguu yake. Nayo iko karibu na milango ya watu hao hao wasiokwenda.

Hifadhi hiyo ni Saiwa, katika nchi ya Trans Nzoia, upande wa barabara iendayo Kapenguria, zaidi ya kilomita 20 kutoka Kitale. Ni ndogo kuliko hifadhi zote za taifa za Kenya. Eneo lake lote ni yapata kilomita 3 za mraba, na zamani za masetla mashamba mengi ya nchi hiyo yaliizidi kwa ukubwa. Ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1974, hasa kwa ajili ya mnyama mmoja, naye ni nzohe.

Nzohe ni jamii ya pongo na tandala, lakini maisha yake ni ya majini. Kwato zake ni ndefu nyembamba, nazo hutanuka akanyagapo, hata huweza kupita juu ya matope na mafunjo yaliyolala mahali ambapo ng'ombe angezama mpaka tumboni. Dume ana pembe zilizojipinda na manyoya ya rangi ya kijivu na hudhurungi. Jike hana pembe, na rangi yake ni nyekundu zaidi. Akishtushwa hakimbilii nchi kavu kama wenzake, bali huingia majini akajizamisha, akabakiza pua tu nje apate kuvuta pumzi. Mtu aweza kusimama hatua kumi kutoka kwake asijue kwamba anatazamwa. Wataalamu walimpa jina la Speke, yule Mwingereza msafiri aliyefika Ziwa Viktoria mwaka 1858. Katika Kenya nzohe hupatikana mahali pachache mno, kama vile bwawa la King'wal katika nchi ya Nandi na penye mafunjo ya kandokando ya Ziwa Viktoria.

Kwa nini bwawa hilo likabaki, hali mabonde mengi ya jirani yamekuwa mashamba? Baada ya Vita Kuu ya Kwanza nchi ya Trans Nzoia iligawiwa masetla, na mwaka 1926 reli ikafika Kitale. Mahindi yakashika nchi. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, mashamba makubwa yakaanza kukatwakatwa na kupewa wananchi, jambo lililokuwa la haki. Lakini kila mwenye ekari chache alitazama bonde lenye maji akaona mahali pa sukumawiki wakati wa kiangazi. Mifereji ikachimbwa, mafunjo yakakatwa, na miti ya kikaratusi, ambayo hunywa maji mengi, ikapandwa mpaka ukingoni. Saiwa ilisalia kama kisiwa katikati ya mahindi, na hivyo ndivyo ilivyo hata leo. Mtu asimamapo juu ya kilima huona wazi mahali bwawa linapokoma na shamba kuanza, kana kwamba mstari umepigwa kwa rula.

Basi familia ifikapo langoni, ada ikiisha kulipwa, hushuka bondeni kwa njia ya udongo chini ya miti mirefu ya asili, mingine ikiwa mitini iliyobeba mizizi yake hewani. Mteremko si mkali; mtoto wa miaka sita hutembea bila kubebwa, na bibi mwenye mkongojo hufika akipumzika mara mbili au tatu. Kisha ardhi inakuwa laini, na njia ya mbao inaanza. Mbao hizo zimetandikwa juu ya nguzo, kupita katikati ya matete yaliyo marefu kuliko mtu, na maji meusi hutulia chini yake. Hapo watoto hunyamaza wenyewe bila kuambiwa. Simba hakuna, wala tembo, wala nyati. La kuangaliwa zaidi ni utelezi wa mbao baada ya mvua, na nyoka, ambao hupenda jua la asubuhi kama watu wengine.

Mahali pengine yamejengwa madungu marefu ya mbao, mfano wa yale ambayo wazee walilindia mtama na wimbi dhidi ya ndege, ila haya ni imara na yana ngazi. Mtu hupanda, huketi, hungoja. Aonaye haraka atarudi bila kuona kitu. Wakati mzuri ni asubuhi tangu saa 12 mpaka saa 3, na tena jioni jua likiwa limeshuka, kwa maana mchana nzohe hulala ndani ya mafunjo. Kwanza huonekana matete yakitikisika pasipo upepo. Kisha kichwa kinatokea, masikio mapana, mstari mweupe usoni. Anakula polepole, maji yakiwa magotini. Mara nyingi hayo ndiyo yote, nayo yatosha.

Wakati wa kungoja si wa bure. Katika miti ya ukingoni yumo kima wa Brazza, mwenye ndevu nyeupe za kiutu uzima na utepe wa rangi ya chungwa juu ya macho. Kwa tabia ni mkimya ajabu. Akihisi hatari huganda pale alipo kwa muda mrefu sana, asikohoe. Mbega nao wamo, weusi wenye mabega meupe, na fisi maji huogelea mtoni. Ndege ni wa namna mamia. Wapendao ndege huja kutoka nchi za mbali kumtazama kulukulu mwenye mwili wa zambarau na mdomo wa manjano, hali mkulima wa Kipsaina humsikia kila siku akipalilia na pengine hajamwinulia macho.

Hata hivyo si haki kuwasema majirani wa bwawa kana kwamba hawana hoja. Wapo wasemao, Serikali hulinda mnyama lakini yeye hatambui mpaka, hutoka usiku akala mimea ya watu. Wengine huuliza kwa nini maji yapite kando ya shamba lililokauka. Maswali hayo ni ya kweli. Lakini maji ya Saiwa hayaanzii hifadhini. Huja kutoka milima ya Cherangani, hupita katika mashamba, na kila kitupwacho juu hufika chini. Udongo uliolimwa mpaka ukingoni huchukuliwa na mvua ukajaza bwawa, na mbolea ya chumvichumvi hubadili maji na mimea yake. Tena bwawa lenye mafunjo hufanya kazi kama sifongo: hunyonya mvua ya masika, kisha huiachilia kidogo kidogo mwezi wa Januari na Februari, wakati kisima cha mkulima huyo huyo kinapotazamiwa. Likifa, hasara haitakuwa ya nzohe peke yake.

Wenyeji wengine waliliona jambo hilo mapema. Huko Kipsaina, mwanzoni mwa miaka ya 1990, Bwana Maurice Wanjala na wenzake walianzisha chama cha kulinda korongo wenye taji pamoja na mabwawa yao. Korongo huyu, ambaye Uganda imemweka katika bendera yake, hutaga mayai machache tu katika kiota cha nyasi majini. Bwawa likikauka hana pa kutagia, na watu wakichukua mayai au makinda, kizazi kimekwisha. Tangu mwaka 2012 amehesabiwa ulimwenguni kuwa miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka. Watu wa Kipsaina hawakungoja barua kutoka Nairobi. Walizungumza na majirani mlango kwa mlango, wakaotesha miche ya miti ya asili, wakaanzisha ufugaji wa nyuki na samaki ili mwenye kipande cha bonde apate faida bila kulikausha. Mahali palipoachwa hivyo, mafunjo yamerudi yenyewe, kwa kuwa mmea huo hauhitaji kubembelezwa.

Kwa wale ambao hawana siku nzima, mjini Kitale penyewe pana matembezi mafupi. Jumba la makumbusho la hapo lina asili yake katika mkusanyo wa Kanali Stoneham, setla aliyefungua makumbusho yake mwenyewe mwaka 1926; alipofariki mwaka 1966 aliacha vitu vyake na fedha kwa ajili ya taifa, na jumba jipya likafunguliwa mwaka 1974. Nyuma yake umo msitu mdogo wa asili, na njia ipitayo chini ya miti mpaka penye kijito. Saa moja yatosha.

Watu wa Bungoma wana maporomoko ya Nabuyole, ambapo mto Nzoia huanguka juu ya miamba karibu na Webuye, mahali pa kutazama kwa mbali na kuwashika watoto mikono. Na mlima Elgon unawakabili kila asubuhi. Pango lake la Kitum ni mashuhuri kwa tembo waingiao gizani kuchimba chumvi kwa pembe zao, lakini mwaka 1980 na mwaka 1987 wageni waliokuwa wamelitembelea waliugua homa ya Marburg wakafa. Penye popo wengi watoto wabaki nje.

Atakaye kwenda Saiwa kutoka Bungoma hupita Kimilili na Kamukuywa mpaka Kitale, kisha hupanda matatu ya Kapenguria na kushuka kwenye njia panda ya Kipsaina. Kipande kilichobaki hupita kwa bodaboda, au kwa miguu kwa mwenye nafasi. Miezi ya Desemba mpaka Februari ndiyo mikavu, nayo hukutana na likizo ya shule. Ada hulipwa kwa simu wala si kwa fedha mkononi, nayo hubadilika, basi iulizwe kabla ya safari. Mwenyeji hutoza kidogo kuliko mgeni, na kitambulisho kisisahauliwe. Nguo zisiwe nyekundu wala nyeupe. Na atakaye kumwona nzohe wa jioni asitegemee matatu ya mwisho. Karibu na lango pana mahali pa kupiga hema, na usiku ni baridi.